SOMO LA UFUNDI: Karte ya picha mpya ndani ya ordinatere ya zamani. Umeme utatosha?



Mara hii tunajifunza jambo ambalo wengi kati yetu wanaliuliza. Hapa Likasi ordinatere nyingi za mezani zimefika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Kwa kuandika na kuhesabu zinafaa vizuri. Lakini siku yaya wetu anapotaka kufanya montaji ya video za ndoa, ama mwanafunzi wa ufundi anapotaka kuchora nyumba kwa programu, anaambiwa sokoni: «Ongeza tu karte ya picha.» Anatoa feza, pengine feza ya masomo ya mdogo wake. Anaingiza karte, mashini inawaka, watu wanafurahi. Kiisha video inapoanza kutengenezwa, puu! inazimika. Matata iko wapi? Mara nyingi si karte mbaya. Ni umeme haukuhesabiwa mbele ya kununua.

I. Umeme unapita njia gani

Tuanze mbali kidogo. Umeme wa Katanga unatoka hasa kwenye maji. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930. Ikatengenezwa upya, na mwaka 2021 mashini zake 6 zikarudia kufanya kazi kwa nguvu ya karibu megawati 78. Iko tena Koni, chini yake kwenye mto ule ule, na Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi. Viwanda na nyumba zikiomba kuliko ile mashini zinaweza kutoa, inabidi kukatia wengine. Njo delestaji tunayoijua sisi wote.

Ndani ya ordinatere ni vile vile. Alimantasio, ndiyo kile kisanduku cha chuma ambamo waya ya ukutani inaingia, ni kama Mwadingusha ndogo. Inapokea volti 220 na kuzigeuza kuwa volti ndogo: 12, 5 na 3,3. Iko na mpaka wake. Ukiiomba kupita mpaka, ile nzuri inajizima yenyewe ili isiungue. Ile mbaya haijizimi, inaungua, na pengine inaharibu karte-mama pamoja nayo.

Mwalimu wa fizika alitufundisha: wati ni volti mara ampere. Shikeni hiyo, somo lote linasimama juu yake.

II. Karte inakula kiasi gani

Karte za picha hazilingani. Tutazame mifano ya GeForce:

– GT 710: wati 19
– GT 1030 yenye memori ya GDDR5: wati 30
– GTX 1050 Ti: wati 75
– GTX 1060: wati 120
– RTX 3060: wati 170

Juu ya nini tunasimama kwenye 75? Kwa sababu ule mlango mrefu wa karte-mama unaoitwa PCI Express unaweza kutoa wati 75, si zaidi. Karte inayopita hapo inaomba waya yake ya pekee kutoka alimantasio: waya ya miguu 6 inaongeza wati 75, waya ya miguu 8 inaongeza wati 150. Alimantasio nyingi za ordinatere za ofisi hazina waya hizo hata moja. Basi, fungueni kifuniko na kutazama mbele ya kutoa feza. Tazameni tena kama mlango ule uko. Mashini za mbele ya mwaka 2004 hazikuwa nao. Nyingi zilikuwa na mlango wa AGP, na karte ya leo haiingii humo hata kwa nguvu. Na kama sanduku la ordinatere ni jembamba, karte ndefu ya kawaida haitasimama ndani. Tafuteni ile fupi.

III. Kusoma karatasi ya alimantasio

Kwenye ubavu wa alimantasio kuna karatasi iliyobandikwa. Wengi wanasoma paka ile namba kubwa: «Iko na wati 300, inatosha!» Ngojeni. Karte na prosesere zinakula karibu yote upande wa volti 12. Tuseme karatasi inasema 12 V, 15 A. Hesabuni: 12 × 15 = 180. Wati zingine ziko upande wa 5 na 3,3, na karte yetu haiwezi kuziomba. Alimantasio za zamani sana ziligawanywa vile, maana wakati ule prosesere zilikula upande wa volti 5. Mtu anakuwa na gunia kubwa la mahindi, lakini yeye anahitaji mchele.

IV. Hesabu ya ordinatere moja

Tutwae Dell OptiPlex 7010, ile ndefu yenye kusimama, ya mwaka 2012. Alimantasio yake ni wati 275. Ndani yake tuweke prosesere Core i5-3470.

Prosesere: wati 77
Karte-mama pamoja na memori: karibu 40
Diski: karibu 10
Msomaji wa CD na vantilatere: karibu 20
Jumla: 147

Kanuni yetu: tusitumie zaidi ya sehemu 4 juu ya 5 za alimantasio, kwa sababu inazeeka, vumbi inaingia, na joto inapunguza nguvu yake. Sehemu 4 juu ya 5 za 275 ni 220.

Tukiweka GT 1030: 147 + 30 = 177. Inapita vizuri.
Tukiweka GTX 1050 Ti: 147 + 75 = 222. Imegusa mpaka na kuupita kidogo. Tunashauri kuiacha.
Tukiweka GTX 1060: 147 + 120 = 267. Hapana kabisa.

Mtu atauliza: «Lakini boksi ya GT 1030 inaandika wati 300, na yetu iko na 275?» Namba ya boksi ni ya ordinatere nzima, si ya karte. Mwenye kutengeneza karte haijui mashini yako, basi anaacha nafasi kubwa. Karatasi ya alimantasio yako, upande wa volti 12, pamoja na hesabu yako, njo vinaamua.

Na kubadilisha alimantasio? Inawezekana pale ambapo waya zinalingana. OptiPlex 7010 ndefu inapokea waya kubwa ya kawaida ya miguu 24. Lakini OptiPlex 9020, ya mwaka 2013, iko na waya yake ya miguu 8 tu; alimantasio ya kawaida haiingii bila kiunganishi chake. Pimeni na urefu wa kisanduku pia.

V. Mambo matatu ya kukataa

1. Kiunganishi cha kutoka waya ya diski SATA mpaka miguu 6 ya karte. Sokoni kiko, na ni bei ndogo. Lakini waya ya SATA upande wa volti 12 imewekewa ampere 4,5: 12 × 4,5 = wati 54. Karte inaweza kuomba 75 hapo. Plastiki inayeyuka, na moto unaweza kuanza usiku watu wakilala.

2. Kuwasha bila kutazama nyuma. Alimantasio nyingi za zamani ziko na kitufe chekundu chenye 115 na 230. Ordinatere iliyotoka Marekani inaweza kuwa kwenye 115. Ukiiingiza hivyo kwenye umeme wetu wa 220, inalipuka palepale.

3. Kufungua alimantasio yenyewe. Hata ikichomolewa ukutani, ndani yake kunabaki umeme wa kuweza kuua mtu. Vumbi ipulizwe kutoka nje. Mengine ni kazi ya fundi.

VI. Upande wa ukuta

Wengine wanatumia ondulere ili delestaji isiue kazi yao. Ondulere iliyoandikwa 650 VA haitoi wati 650. Mara nyingi inatoa karibu 360 mpaka 390. Alimantasio nayo inapoteza kitu kwa joto: ili itoe 177, na tukisema inapoteza moja juu ya tano, inavuta ukutani 177 ÷ 0,8, ni kama 221. Ongezeni kioo, karibu 25: jumla 246. Ondulere inabeba. Lakini na RTX 3060 itakuwa 317 ÷ 0,8, ni kama 396, na kioo bado. Ondulere itaanguka, hata kama mngekuwa mmenunua alimantasio kubwa.

Na umeme ukikatika bila ondulere, chomoeni waya ukutani. Ukirudi, ngojeni dakika kidogo mpaka utulie, kiisha muwashe.

Tunasema haya kwa sababu ordinatere moja hapa kwetu inatumikisha watu wengi: mama anayechapa barua za watu, yaya wa video, na darasa nzima inayongoja zamu. Ikiungua, wote wanakaa bure. Kalamu na kipande cha karatasi vinatosha kuilinda.

MASWALI

1. Alimantasio inaandika 12 V, 18 A. Ni wati ngapi upande ule?
2. Ordinatere inakula wati 110, alimantasio yake ni 240. Karte ya wati 75 itafaa? Onyesha hesabu.
3. Juu ya nini karte ya wati 120 haiwezi kuishi kwa mlango wa PCI Express peke yake?
4. Ordinatere inawaka vizuri, lakini inazimika paka wakati wa montaji. Utatazama nini kwanza?
5. Nyumbani au jirani, soma karatasi ya alimantasio moja bila kuifungua, na ulete namba zake darasani. Tutazihesabu pamoja.