Kurudishia Ukanda wa Kizingiti Uliolegea
Pale vigae vinapokutana na sakafu ya mbao mlangoni, ukanda wa alumini ukilegea huwakwaza wazee na watoto. Mkaazi anaweza kuurekebisha hivi:

1. Ng'oa ukanda, kwangua gundi kuukuu na ufagie vumbi.
2. Pima upana wa mlango; kata ukanda mpya kwa msumeno wa chuma, kisha piga tupa ncha zake.
3. Sakafu moja ikiwa juu kuliko nyingine, chagua ukanda wenye mteremko.
4. Toboa saruji iliyo katikati, si kigae. Tia plagi, kisha kaza skrubu hadi vichwa vizame.
5. Fungua mlango uone kama unakwaruza ukanda.

Mbao hutanuka kwa unyevu. Ziachiwe nafasi chini ya ukanda, la sivyo zitainuka.