Kuteremka Milima kwa Baiskeli: Breki Kwanza, Kasi Baadaye

Kijana wa Kalimoni anayetaka kuanza mchezo wa kuteremka milima kwa baiskeli hahitaji mlima kwa sasa. Mteremko mfupi wa udongo, usiopitwa na magari wala mifugo, unamtosha. Kilimambogo kinaonekana kutoka hapa na kinavutia, ila ni hifadhi yenye nyati, si uwanja wa mazoezi.

Mchezo huu ulishika kasi California, Marekani. Kuanzia Oktoba 1976, waendeshaji walishindana kwenye mteremko uitwao Repack, kwa baiskeli kuukuu ambazo breki yake ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma. Breki ilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kushuka ililazimu kupakwa grisi upya. Jina lilitokana na kazi hiyo. Mwenye Black Mamba atawaelewa. Breki zake za fito hubana rimu ya chuma, na rimu ikilowa breki hazishiki vizuri. Kwa kubeba maziwa inafaa sana. Kwa mteremko mkali, hapana.

Baiskeli za mitumba zina jambo ambalo muuzaji huenda asilitaje. Zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Za nchi nyingi za Ulaya bara huwa mkono wa kushoto. Aliyezoea moja akapanda nyingine anaweza kubana ya mbele ghafla na kurushwa juu ya usukani. Kabla ya kupanda, simama kando, bana breki ya mkono mmoja, kisha sukuma baiskeli. Gurudumu linalokataa kuzunguka ndilo lenye breki hiyo. Ukitaka zibadilishwe, fundi wa baiskeli anaweza kuhamisha nyaya.

Kwenye mteremko, kiti kishushwe. Mwendeshaji asimame juu ya pedali zilizo sawa kwa urefu, akunje magoti na viwiko, na kurudisha makalio nyuma. Breki zote mbili zibanwe polepole kabla ya kona, si ndani yake. Macho yatazame njia ya mbele, kwa sababu anayekazia jiwe macho huligonga.

Chris Froome, aliyefunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, kaunti hii hii, alishinda hatua moja ya Tour de France mwaka 2016 kwa kuteremka akiwa amekalia bomba la fremu. Mkao huo usiigwe. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliupiga marufuku mwaka 2021.

Helmeti ifungwe kidevuni hata kwa mteremko wa dakika moja. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Juja hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likwame, hivyo mazoezi yasubiri njia ikauke. Aliyeizoea miteremko ya nyumbani anaweza kwenda msitu wa Kereita, Lari, wenye njia za baiskeli, akiwa na mwenzake wa kumsaidia akianguka.