Somo la 7: Chuma, Udongo na Undugu wa Wafalme

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Dan. 2:31–45, Dan. 11:6, 2 Nya. 18:1, 2 Fal. 11:1–3, Zab. 146:3–5, Efe. 2:13–19, 1 Yoh. 3:16–18.

Fungu la kukariri: Danieli 2:44. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Kila aliyewahi kuhudhuria mikutano ya injili ameiona picha ya ile sanamu: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, na nyayo zilizo nusu chuma na nusu udongo. Babeli, Umedi na Uajemi, Uyunani na Rumi tunazitaja bila kusita. Lakini tukifika kwenye nyayo tunaharakisha. Mhubiri husema kwamba wafalme wa Ulaya walioana lakini hawakuungana, kisha anakimbilia jiwe.

Juma hili tutakaa kidogo kwenye nyayo. Tutazitazama koo mbili, ule wa kifalme wa Uingereza na ule wa Urusi, tuone jinsi zilivyofungamana kwa ndoa na yaliyowapata watu wake siku ya taabu. Kisha tutajiuliza: je, undugu wetu sisi umeshikwa na nini?

JUMAPILI: Vitu Visivyoshikamana

Soma Danieli 2:41–43. Ni mambo gani matatu yanayosemwa juu ya ufalme wa nyayo?

Danieli anasema kwamba ufalme huo utagawanyika, kwamba ndani yake bado utabaki ugumu wa chuma, na kwamba watu watachanganyika kwa uzao wao lakini hawatashikamana. Angalia kwamba jaribio la kuungana lenyewe limetabiriwa. Mungu alijua kwamba wanadamu wangetafuta umoja, na alijua njia ambayo wangeitumia.

Njia hiyo ni ya zamani. Katika Danieli 11:6 tunaona binti wa mfalme wa kusini akipelekwa kwa mfalme wa kaskazini ili kufanya mapatano. Yapata mwaka 252 K.K., Berenike, binti wa Ptolemaio wa Misri, aliolewa na Antioko wa Shamu. Amani hiyo haikudumu. Berenike na mtoto wake mchanga waliuawa. Wapo wafafanuzi wanaoona kwamba hata Danieli 2:43 inahusu ndoa za wakati huo tu. Lakini nyayo zinafuata baada ya miguu ya chuma, na zinadumu mpaka jiwe linapokuja. Kwa sababu hiyo tunatazama pia mataifa yaliyotokea baada ya Rumi.

Unabii hautaji majina ya wafalme wa Ulaya. Unataja tabia, nayo tunaweza kuiona katika historia.

Tafakari: Umewahi kuona familia mbili zikitumia harusi ya watoto wao kumaliza ugomvi wa wazee? Matokeo yalikuwa nini?

JUMATATU: Bibi wa Ulaya

Soma 2 Mambo ya Nyakati 18:1. Yehoshafati alikuwa na mali na heshima tele. Kwa nini basi alitafuta ukwe na Ahabu?

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hadi 1901. Alizaa watoto 9 na kupata wajukuu 42, na kwa ndoa zao aliitwa bibi wa Ulaya. Binti yake wa kwanza aliolewa Prussia na kumzaa Wilhelm, ambaye baadaye alikuwa Kaisari wa Ujerumani. Mwana wake Alfred alimwoa binti wa Alexander II, mfalme wa Urusi, mwaka 1874. Mjukuu wake Elizabeth aliolewa na mwana wa mfalme huyo huyo mwaka 1884. Mdogo wa Elizabeth, Alix, aliolewa na Nicholas II mwaka 1894, akawa malkia wa Urusi.

Koo hizo zilikutana pia kwa njia ya Denmark. Miongoni mwa binti za Mfalme Christian IX walikuwamo Alexandra na mdogo wake Dagmar. Alexandra aliolewa na mrithi wa Uingereza mwaka 1863, akamzaa George V. Dagmar aliolewa Urusi mwaka 1866, akamzaa Nicholas II.

Tuupime undugu huo kwa desturi zetu. Watoto wa dada wawili hatuwaiti binamu, ni ndugu. Mama yake George alikuwa mama mkubwa wa Nicholas. Nao walifanana sana hata kwenye harusi ya George, mwaka 1893, wageni waliwachanganya. Naye Wilhelm na Alix walikuwa watoto wa dada wawili pia. Kwa hiyo Wilhelm alikuwa shemeji yake Nicholas.

Kama damu na ukwe vingeweza kuyaunganisha mataifa, hawa wangeyaunganisha.

Tafakari: Yehoshafati alimpenda Bwana, na bado alijiegemeza kwenye ukwe. Ni katika mambo gani sisi tunamtumaini Mungu kwa maneno, lakini tegemeo letu ni jamaa mwenye cheo?

JUMANNE: Simu za Ndugu

Soma Zaburi 146:3–5. Kwa nini mtunga zaburi anatukataza kuwatumainia wakuu? Je, ni kwa sababu wote ni wabaya?

Mwezi Mei mwaka 1913 Wilhelm alimwoza binti yake mjini Berlin. George alikuja kutoka London na Nicholas kutoka Urusi. Walikula pamoja na kupigwa picha. Hawakukutana tena wote watatu.

Mwaka uliofuata, vita ilipokaribia, Wilhelm na Nicholas walipelekeana simu za maandishi kati ya tarehe 29 Julai na 1 Agosti. Waliandikiana kwa Kiingereza na kutia sahihi kwa majina ya nyumbani, Willy na Nicky. Kila mmoja alimwomba mwenzake azuie majeshi. Jioni ya tarehe 1 Agosti 1914 Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi. Tarehe 4 Uingereza nayo ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani.

Simu hizo hazikuwa za watu wasiojuana. Lakini nyuma ya kila mmoja kulikuwa na majeshi, mikataba, hofu na kiburi cha taifa. Upendo wa ukoo haukuwa na nguvu ya kuyashinda hayo. Mtunga zaburi hasemi kwamba kila mkuu ni mwongo. Anasema mkuu ni mwanadamu ambaye pumzi yake hutoka na mawazo yake hupotea.

Nasi tuliguswa. Mwezi Novemba 1914 watu walikufa Tanga kwa vita hiyo, na jina la Kariakoo linatukumbusha mpaka leo wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi. Hata kazi ya kanisa letu ilipata pigo. Wamisionari Wajerumani waliofika Upare mwaka 1903, na wale waliotumwa kutoka Uingereza wakaanza kazi Gendia mwaka 1906, walihubiri ile ile sanamu ya Danieli. Vita iliwakuta wakiwa pande mbili za mpaka.

Tafakari: Ni nguvu gani zinazoweza kuwatenganisha washiriki wa kanisa moja: siasa, kabila au fedha? Ni ipi inayolitishia kanisa lako sasa?

JUMATANO: Mlango Uliofungwa

Soma 1 Yohana 3:16–18. Yohana anaupima upendo kwa kipimo gani?

Mwezi Machi 1917 Nicholas aliacha kiti cha enzi, yeye na jamaa yake wakawekwa kizuizini. Tarehe 22 Machi serikali ya Uingereza ilikubali kuwapokea. Lakini George akaingiwa na hofu. Wafanyakazi wengi wa Uingereza walimwona Nicholas kuwa mtawala mkatili, na Alix alichukiwa kwa sababu alizaliwa Ujerumani. Kuwaleta ndugu hao London kungeweza kukitikisa kiti chake mwenyewe. Mwanzoni mwa Aprili, kwa njia ya katibu wake, aliisihi serikali itafute njia nyingine. Mwaliko ukaondolewa. Kwa miaka mingi watu walimlaumu waziri mkuu, David Lloyd George. Nyaraka zilipofunguliwa baadaye zilionyesha kwamba shinikizo lilitoka kwa mfalme.

Tarehe 17 Julai 1917 George alibadili jina la ukoo wake, lililokuwa la Kijerumani, likawa Windsor. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe hiyo hiyo, Nicholas, Alix, watoto wao watano na watumishi wao wanne walipigwa risasi katika chumba cha chini cha nyumba moja mjini Yekaterinburg. Siku iliyofuata Elizabeth, dada yake Alix, naye aliuawa.

Tuwe waangalifu katika kuhukumu. Huenda jamaa hao wasingefika pwani hata kama mwaliko ungebaki. Mwaka 1919 George alipeleka meli ya kivita iliyomwokoa mama mdogo wake, Dagmar. Wala hakumchukia Nicholas. Alimpenda, lakini siku ambayo upendo huo ungemgharimu kiti chake, alichagua kiti. Hapo ndipo fungu la leo linapotugeuzia uso.

Tafakari: Je, yupo ndugu ambaye wewe au kanisa lako mlimpokea kwa furaha alipokuwa na heshima, na sasa ameanguka mnaona aibu kumkaribisha? Mlango wake umefungwa na nani?

ALHAMISI: Mlango Uliofunguliwa

Soma 2 Wafalme 11:1–3. Linganisha alichofanya Athalia na alichofanya Yehosheba.

Ukwe wa Yehoshafati na Ahabu ulimleta Athalia Yerusalemu. Mwanawe alipokufa, Athalia aliwaangamiza wazao wa kifalme, wajukuu wake mwenyewe. Lakini katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo Yehosheba, shangazi ya mtoto Yoashi. Alimwiba mtoto kutoka katikati ya waliokuwa wakiuawa, akamficha, naye akakaa nyumbani mwa Bwana miaka sita. Kama angegunduliwa, angekufa pamoja na mtoto.

Athalia na Yehosheba wote walikuwa na undugu wa damu na mtoto yule. Bibi aliua, shangazi akaokoa. Damu peke yake haikuamua lolote. Tofauti ilikuwa kwamba Yehosheba alikuwa tayari kugharimika.

Soma Waefeso 2:13–19. Ni nini kilichowafanya watu wawili kuwa mmoja?

Paulo hasemi kwamba Wayahudi na Mataifa waliunganishwa kwa kuoana. Waliunganishwa kwa damu ya Kristo. Yeye, aliye Mfalme, hakulinda kiti chake kwa kutufungia mlango. Aliacha kiti, akatoka nje kututafuta, akafa kwa ajili yetu. Huo ndio undugu ambao hauvunjiki kama udongo.

Tafakari: Ni gharama gani ambayo uko tayari kuilipa juma hili kwa ajili ya mmoja wa nyumba ya Mungu?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Danieli 2:34, 35, 44, 45. Jiwe halichongwi kwa mikono ya wanadamu. Halitokani na chuma wala na udongo, na halihitaji kuoa wala kuoza ili lipate nguvu.

Mwaka 1993 wanasayansi walithibitisha mifupa iliyopatikana karibu na Yekaterinburg kwa kutumia damu iliyotolewa na Philip, mume wa Malkia Elizabeth II. Bibi yake Philip alikuwa dada yake Alix. Damu ya ukoo wa Uingereza ilitosha kuitambua mifupa. Haikuwa imetosha kuwaokoa wenye mifupa. Sisi tunamngoja Mfalme ambaye damu yake hufanya yote mawili: anawajua walio wake, na atawaita kutoka makaburini.

Maswali ya kujadili:

1. Kama Danieli 2:43 inasema mataifa hayatashikamana, je, Mkristo aache kutafuta amani kati ya mataifa? Jibuni pamoja na Mathayo 5:9.

2. Mtu mmoja darasani anasema, “George alikuwa na wajibu kwa taifa lake kwanza.” Mtamjibu nini? Ni wakati gani wajibu wa kazi unakuwa kisingizio cha kumwacha ndugu?

3. Tunapenda kuitana “ndugu” kanisani. Tajeni jambo moja ambalo darasa lenu linaweza kufanya kabla ya Sabato ijayo kwa mshiriki ambaye hakuna aliyebisha hodi kwake kwa muda mrefu. Nani atakwenda, na siku gani?