Timu ya Shule Haifundishwi na Mtu Mmoja

Katika shule nyingi za sekondari za kata mwalimu mmoja ndiye kocha, ndiye mtunza mipira, ndiye mfunga bandeji. Mwalimu huyo akihamishwa, timu inakufa. Mipira inafungiwa stoo na uwanja unaota majani. Watoto wetu wanakosa nafasi ya kucheza UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania.

Je, tufanyeje? Tuunde benchi la ufundi. Benchi la ufundi ni kundi la watu wanaosaidiana kuifundisha timu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nani wanahitajika?

1. Kocha mkuu. Anapanga mazoezi na kuchagua wachezaji 11 wa kuanza. Awasikilize wenzake kabla ya kuamua.

2. Kocha msaidizi. Huyu ndiye atakayeshika timu mkuu asipokuwepo.

3. Kocha wa makipa. Kipa hujifunza kudaka, kuruka, na kuanguka bila kuumia. Mtu aliyewahi kuwa kipa kijijini anafaa.

4. Mtu wa huduma ya kwanza. Mchezaji akigongwa kichwa, akazimia, akatapika au akaona kizunguzungu, atolewe uwanjani na apelekwe zahanati. Asirudi kucheza siku ile, hata akisema amepona. Hapa kocha asibishane naye, hata kama timu inafungwa.

5. Meneja. Anatunza jezi na mipira, na kushughulikia maji, usafiri na ruhusa za wazazi.

Timu ya wasichana iwe na mwanamke katika benchi lake.

Tutawapata wapi?

Si lazima wote wawe walimu. Wapo wazazi na vijana waliocheza zamani. Lakini mkuu wa shule na bodi ya shule wachunguze tabia kwanza. Mlevi, mwenye matusi, au mtu anayewasumbua wasichana hafai, hata kama anaujua mpira namna gani.

Tuwakuze vipi?

Kwanza, msaidizi apewe siku moja kila wiki aongoze mazoezi. Kocha mkuu akae pembeni, aangalie. Akiona kosa amweleze baadaye wakiwa wawili, si mbele ya wanafunzi.

Pili, liwepo daftari la timu. Andikeni tarehe, mazoezi yaliyofanyika, waliofika na walioumia. Mwalimu atahamishwa, daftari litabaki. Unaona faida ya kujua kusoma na kuandika?

Tatu, wote wajifunze mazoezi ya FIFA ya kupasha mwili moto yaitwayo 11+. Yako 15, na huchukua dakika 20 hivi. Yametungwa kwa wachezaji wa miaka 14 na zaidi ili kupunguza majeraha. Hayahitaji vifaa vya gharama.

Nne, waende kozi. Leseni za ukocha za CAF, Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, huanza na D, kisha C, B na A. Ulizeni chama cha mpira cha wilaya yenu kozi itafanyika lini.

Maswali ya kuzungumza

1. Kocha wa shule yenu akihamishwa kesho, nani ataongoza mazoezi?

2. Nani katika kijiji chenu anaweza kufundisha makipa?

3. Kwa nini aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku ile?