Somo la Jiografia: Majaruba ya Milima ya Ailao

Katika somo hili tutajifunza habari za milima ya Ailao. Milima hii iko katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa nchi ya China. Wakulima wengi wa huko ni Wahani. Wageni hutoka mbali kuja kutazama milima hii. Je, wanatazama nini? Jumba la mfalme? Hapana. Wanatazama majaruba ya mpunga!

Miteremko ya huko ni mikali sana. Wahani waliichimba ikawa kama ngazi, jaruba moja juu ya lingine. Kila jaruba lina tuta la udongo la kuzuia maji. Kazi hii ina umri wa miaka 1,300 hivi. Ilifanywa kwa jembe, mikono na nyati wa kulimia.

Mlima umepangwa hivi:
1. Juu kabisa ni msitu.
2. Chini ya msitu ni kijiji.
3. Chini ya kijiji ni majaruba.
4. Bondeni kabisa ni mto.

Mpango huu una maana. Msitu hushika maji ya mvua na ukungu. Maji hutoka msituni kwa mifereji, hupita kijijini, kisha huingia katika majaruba. Yakipita kijijini huchukua na samadi. Kwa hiyo Wahani huuheshimu msitu. Wanajua kwamba ukikata msitu, umekata maji.

Je, maji hugawanywaje bila ugomvi? Gogo lenye mapengo hulazwa katika mfereji. Pengo pana hupitisha maji mengi, pengo jembamba hupitisha machache. Upana hupimwa kufuata ukubwa wa mashamba. Tena yuko mtu wa kulinda mfereji.

Baada ya mavuno majaruba hayakaushwi. Udongo ukikauka hupasuka, na tuta moja likibomoka, maji huharibu na majaruba ya chini. Wakati huo maji hung'aa kama kioo, na wageni huja kwa wingi kuyapiga picha.

Mwaka 2013 UNESCO iliyaandika majaruba haya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lake ni hekta 16,603, lenye vijiji 82.

Lakini kuna tatizo. Kilimo hiki ni kigumu, na mpunga hauleti fedha nyingi. Vijana wengi huenda mijini kutafuta kazi. Sasa nani atatengeneza matuta? Urithi huu ukikosa mkulima, utabomoka.

Kijiji kimoja, Azheke, kilianza mpango mwaka 2018. Wanakijiji wana kampuni yao ya kupokea wageni. Katika kila shilingi 100 ya faida, 70 hugawiwa wanakijiji, na 30 hubaki katika kampuni. Anayetunza nyumba yake ya jadi, anayelima majaruba yake na anayeishi kijijini hupata fungu kwa kila jambo. Anayeacha, fungu lake hupungua.

Basi tumeona kwamba wageni huja kutazama kazi ya mkulima. Ni haki mkulima naye ale jasho lake.

MASWALI
1. Kwa nini Wahani hawakati msitu ovyo?
2. Gogo la mfereji hufanya kazi gani?
3. Kwa nini majaruba hayakaushwi baada ya mavuno?
4. Wanakijiji wa Azheke hugawanaje faida? Jadilianeni katika kikundi chenu: je, mgawo huo ni wa haki?