Somo la Afya: Kila Jumamosi Kagua Kichwa cha Mtoto

Tuanze na mfano. Mama mmoja ana mtoto wa kike wa darasa la tatu. Mtoto huyu anakuna kichwa kutwa. Usiku hapati usingizi mzuri. Asubuhi anakwenda shule amechoka, na mwalimu akiandika ubaoni yeye anasinzia. Wenzake wamekwisha jua sababu. Wanamcheka, na hawataki kukaa naye dawati moja. Siku moja anasema, "Mama, leo siendi shule. Tumbo linaniuma." Kumbe tumbo haliumi. Kinachouma ni aibu.

Mama anamwangalia kichwani. Anakuta chawa. Anapandwa na hasira. "Umewatoa wapi hawa? Unataka kuniaibisha kijijini?" Jirani aliwahi kumwambia kuwa mafuta ya taa yanaua chawa. Basi anachukua kopo, anamwita mtoto akae karibu na jiko la kuni ambapo kuna mwanga.

Ndugu msomaji, tusimame hapo kidogo. Mama huyu anampenda mtoto wake. Lakini kopo lile na moto ule vinaweza kumuunguza mtoto mpaka akafa. Tutarudi kwake baadaye. Kwanza tujifunze.

CHAWA NI MDUDU WA NAMNA GANI?

Chawa wa kichwa ni mdudu mdogo. Akikomaa ni sawa na punje ya ufuta. Ana miguu 6 yenye kucha za kushikia unywele. Chakula chake ni damu ya mtu. Hana mabawa. Hawezi kupaa kama mbu, wala kuruka kama kiroboto. Anajua kutambaa tu.

Basi anafikaje kichwani kwa mtoto? Hutambaa wakati vichwa viwili vinapogusana. Watoto hugusana vichwa wakicheza, wakisoma kitabu kimoja, au wakilala mkeka mmoja. Mara chache hupita kwenye kitana, kofia au mtandio wa kuazimana. Akianguka chini, chawa hukosa damu, na hufa baada ya siku 1 au 2.

Watu wengine husema chawa ni wa watu wachafu. Si kweli. Chawa hachagui kichwa kichafu wala kisafi. Anatafuta damu na joto tu. Hivyo mtoto mwenye chawa hana kosa, na mama yake hana kosa.

Yuko chawa mwingine, naye ni chawa wa mwilini. Huyu hujificha kwenye mishono ya nguo. Ndiye anayeweza kuleta homa kali iitwayo taifasi. Taifasi si taifodi, yaani homa ya matumbo. Ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1997 taifasi iliwashambulia watu wengi katika kambi za watu waliokimbia vita nchini Burundi. Dawa ya chawa wa mwilini ni kuoga, kubadili nguo na kufua nguo kwa maji ya moto. Chawa wa kichwa haleti taifasi. Lakini mtoto akikuna sana hupata vidonda, na vidonda huingiwa na uchafu vikatunga usaha.

KWA NINI MARA MOJA KWA WIKI?

Wazazi wengi hungoja mpaka mtoto aanze kukuna. Huko ni kuchelewa. Mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kusikia mwasho. Muda wote huo chawa wanakula, wanataga, na wanahamia kwa wadogo zake.

Sasa chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu.

Chawa jike huweza kutaga mpaka mayai 8 kwa siku. Kila yai hulibandika kwenye unywele, karibu na ngozi ya kichwa. Gundi yake ni ngumu, maji hayaitoi. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 9 hivi. Mtoto wa chawa hukomaa kwa siku 9 hadi 12, halafu naye huanza kutaga. Chawa aliyekomaa huishi kichwani siku 30 hivi.

Tuseme jike mmoja amehamia kwa mtoto wako leo.

Baada ya wiki moja: 8 × 7 = mayai 56.
Baada ya siku 30: 8 × 30 = mayai 240.

Hiyo ni hesabu ya juu kabisa. Si mayai yote yanayofika ukubwani. Lakini tazama jambo hili. Ukikagua kila wiki, utamkuta jike yule wakati mayai yake ya kwanza bado hayajaanguliwa, au ndiyo kwanza yanaanguliwa. Ukikaa mwezi, watoto wake nao wamekwisha kuwa mama. Kazi ya nusu saa imekuwa kazi ya wiki nyingi.

Kwa hiyo jibu ni hili: kagua mara moja kila wiki. Ukisikia kuna chawa shuleni au kwa jirani, kagua siku hiyo hiyo. Chagua siku moja uizoee. Jumamosi ni nzuri, kwa kuwa watoto hawaendi shule na nywele huoshwa.

JINSI YA KUKAGUA

1. Kaeni nje penye mwanga wa jua. Kama macho yako yamefifia, mwite kijana akusaidie.

2. Mtoto ainamishe kichwa. Gawa nywele kwa vidole, sehemu moja baada ya nyingine. Angalia sana nyuma ya masikio na kisogoni. Huko ndiko chawa hupenda kukaa.

3. Kama nywele ni ndefu, zioshe kwa sabuni, kisha zipake mafuta ya kupikia ili zilainike. Zichambue kwanza kwa chanuo. Halafu chukua kitana chenye meno yaliyobanana. Chana kutoka kwenye ngozi mpaka ncha ya unywele.

4. Kila ukichana mara moja, futa kitana kwenye kitambaa cheupe. Angalia kama kuna mdudu.

5. Kama mtoto amesukwa, angalia kwenye mistari ya msuko. Siku ya kufumua, kagua kichwa chote kwa kitana.

Katika shule nyingi za msingi watoto hunyoa nywele zikawa fupi sana. Kichwa cha namna hiyo ni rahisi kukagua, na chawa hana mahali pazuri pa kutagia. Hata hivyo usiache kuangalia.

USICHANGANYE MAMBO

Yai la chawa ni dogo, refu kidogo, na limeshika unywele. Ukilivuta kwa kucha haliteremki kwa urahisi. Mba ni magamba meupe ya ngozi, na ukipuliza au kupangusa hutoka. Mapunye ni mabaka ya mviringo kichwani ambapo nywele hukatika. Hayaletwi na chawa. Mtoto mwenye mapunye apelekwe zahanati apewe dawa ya kumeza.

Ukiona mayai yaliyo mbali na ngozi, zaidi ya robo inchi, mara nyingi ni maganda matupu. Kinachoonyesha kwa hakika kuwa mtoto ana chawa ni chawa mzima anayetembea.

UKIKUTA CHAWA

Usipige kelele, wala usimpige mtoto. Kagua watu wote wa nyumbani siku hiyo hiyo, wakubwa kwa wadogo. Kila aliye na chawa aanze matibabu siku moja na wenzake.

Njia ya kwanza haihitaji dawa. Ni kuchana nywele zikiwa na maji na mafuta, kwa kitana chenye meno yaliyobanana. Ukianza tarehe 1, rudia tarehe 5, tarehe 9 na tarehe 13. Kwa nini mara nne? Kwa sababu mayai hayaanguliwi siku moja. Kila mara unawatoa wale waliotoka karibuni, kabla hawajakomaa na kutaga. Tarehe 17 kagua tena kuhakikisha.

Njia ya pili ni dawa ya kupaka yenye pamethrini. Uliza zahanati au duka la dawa. Fuata maelezo yaliyoandikwa kwenye chupa. Wewe sasa unajua kusoma, basi soma mwenyewe. Dawa hii haiui mayai yote, kwa hiyo mara nyingi hurudiwa baada ya siku 9 au 10. Kwa mtoto mchanga na mama mjamzito, uliza mganga kwanza.

Kunyoa nako kunasaidia. Lakini usimnyoe mtoto kwa kumwadhibu. Na kila mtoto awe na wembe wake mpya. Wembe wa kuchangia unaweza kueneza UKIMWI na ugonjwa wa ini.

Shuka, foronya, kofia na mitandio vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Vitana vilowekwe katika maji ya moto. Hakuna haja ya kupulizia dawa nyumba nzima.

MAMBO YA HATARI

Usipake mafuta ya taa wala petroli kichwani. Huwaka moto haraka, huchubua ngozi, na mvuke wake hudhuru mapafu. Usipake dawa ya kupulizia pamba, dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala dawa ya mbu. Sumu hupita kwenye ngozi, hasa yenye vidonda, ikamwingia mtoto mwilini.

MTOTO AENDELEE NA SHULE

Hakuna sababu ya kumfukuza mtoto darasani kwa ajili ya chawa. Siku unayowagundua, huenda amekuwa nao wiki kadhaa. Kumrudisha nyumbani hakumponyi. Kunamkosesha masomo na kumwongezea aibu. Aanze matibabu jioni, na kesho aende shule. Ila mwalimu aambiwe, ili wazazi wengine nao wakague watoto wao. Kama nyumba moja itatibu na nyumba tisa zitanyamaza, chawa watarudi.

TURUDI KWA YULE MAMA

Mama yule ameshika kopo la mafuta ya taa. Mara bibi wa mtoto anatokea mlangoni. "Mwanangu, weka chini hilo kopo. Moto huo huuoni?" Mama analiweka chini. Analeta beseni la maji, sabuni, mafuta ya alizeti na kitana. Wanakaa chini ya mwembe. Anachana taratibu, anafuta kwenye kitambaa. Anawahesabu: 11.

Halafu bibi anasema, "Na wewe njoo nikuangalie." Mama anacheka, eti yeye mtu mzima. Bibi anagawa nywele nyuma ya sikio. Kumbe na yeye anao! Mama ananyamaza. Kisha anamwambia mtoto, "Nisamehe mwanangu. Nilikugombeza bure. Pengine mimi ndiye niliyekuambukiza, au wewe mimi. Wote tutapona."

Jumatatu mtoto alikwenda shule.

Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Walikuwa na maana ya umoja, lakini hapa methali hii ni kweli tupu. Mzazi mmoja peke yake hawezi. Anahitaji nyumba yake, jirani yake na mwalimu. Tuanze Jumamosi hii.

MASWALI

1. Kwa nini si vizuri kungoja mpaka mtoto aanze kukuna?
2. Yai la chawa huanguliwa baada ya siku ngapi?
3. Ukianza kuchana tarehe 1, utarudia tarehe zipi?
4. Utatofautishaje yai la chawa na mba?
5. Nyumbani kwako mmechagua siku gani ya kukagua? Iandike ukutani.