Busta ya Simu na Adabu Yake

Hapa kwetu Riruta nyumba za ghorofa zimesongamana, na anayekaa chumba cha chini mara nyingi hulazimika kutoka nje ndipo simu yake ishike. Mawimbi ya simu hudhoofika yanapopita katika kuta za mawe, nayo mabati huyarudisha yalikotoka. Ndiyo maana wengine hununua kikuza mawimbi, ambacho mtaani huitwa busta. Makala haya yanaeleza jinsi busta inavyojidhibiti na kujilinda, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata jirani asiye nayo.

Sehemu zake
Busta ina antena ya nje inayoelekezwa kwenye mnara, kisanduku cha kukuza mawimbi, na antena ya ndani inayoongea na simu. Inakuza yanayokuja na yanayokwenda. Ukuzaji hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 10 ni kuzidisha nguvu mara 10. Kwa hivyo busta ya desibeli 60 huzidisha mara 1,000,000!

Hatari ya kwanza: kujisikia yenyewe
Bila shaka umesikia spika ikipiga mluzi ukumbini kipaza sauti kinaposogezwa karibu nayo. Sauti hutoka, ikaingia tena, ikakuzwa tena. Busta nayo ni vivyo hivyo antena zake mbili zikikaribiana. Mluzi huo sikio haliusikii, lakini mnara unausikia. Simu nyingi za siku hizi hutuma kwa takriban wati 0.2 tu, kwa hivyo mluzi wa busta moja waweza kuzifunika simu za majirani. Hebu fikiria mgonjwa wa ploti ya pili anapiga 999 na haipiti, au mama mboga anangoja pesa za M-Pesa na hazifiki. Wote watalaumu kampuni ya simu, kumbe adui yuko juu ya paa.

Busta nzuri hujichunguza kila wakati. Ikigundua mluzi hupunguza ukuzaji, na mluzi usipokoma hujizima. Kanuni za Marekani za mwaka 2013 zinataka mluzi wa kuelekea mnarani udhibitiwe ndani ya sekunde 0.3, kisha busta ingoje angalau dakika 1 kabla ya kujaribu tena. Ikishajaribu mara 5, isirudi kazini mpaka mtu aiwashe upya kwa mkono.

Hatari ya pili: mnara wa karibu
Mnara ukiwa karibu, mawimbi yanaingia yakiwa na nguvu tayari. Yakizidishwa mara milioni, kisanduku hulemewa, na mawimbi yaliyopotoka humwagikia masafa ya wengine. Hapo busta hujipunguza yenyewe, kama mtu anavyopunguza sauti ya redio. Tena simu zisipoitumia kwa dakika kadhaa, hushusha nguvu zake ili isimpigie mnara kelele za bure.

Hatari ya tatu: stima na radi
Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo yaweza kuunguza kisanduku, na antena ya paani hukaribisha radi. Kwa sababu hiyo fundi hodari hufunga kinga ya radi kwenye waya wa antena na kuiunganisha na ardhi. Bila waya huo wa ardhini, kinga ni pambo tu.

Ushauri
Tenganisha antena mbili kwa kimo na kwa sakafu ya zege. Taa ya onyo ikiwaka, usiizibe kwa karatasi. Sogeza antena. Hapa Kenya vifaa vya aina hii vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo uliza kabla ya kununua. Busta za bei ya kutupa mara nyingi hazina kinga hizi, na wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali. Kifaa kisichojua kunyamaza humsaidia mmoja na kuwanyamazisha wengi.

Maswali ya kujipima
1. Busta ya desibeli 30 huzidisha nguvu mara ngapi?
2. Kwa nini antena ya ndani isiwekwe chini tu ya ile ya nje kwenye paa la mbao?
3. Busta imejizima mara tano. Je, imeharibika, au imewaonea majirani huruma? Eleza.